Onesphory Severine wa Mtaa wa Sikukuu, Aliyeliliwa Mara Mbili

Padre wetu, Sista Euphrasia, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, wachukuzi na mafundi wa soko la Kariakoo, nanyi mliotoka Kibosho na mliotoka kusini, familia imenipa mimi, binamu wa marehemu, kazi ya kusimama hapa na kueleza alikuwa nani huyu aliyelala mbele yetu, nami naomba mnisikilize mpaka mwisho bila mtu kuondoka katikati, maana nawajua watu wa Kariakoo, mtu husikia nusu ya habari akaenda kuimalizia mwenyewe kwenye kahawa, na maisha ya ndugu yetu yaliharibika kwa habari iliyosikiwa nusu.

Marehemu Onesphory Severine alizaliwa tarehe 14 Machi 1918 huko Kibosho, wilaya ya Moshi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Severine na mama Severa, akabatizwa mwezi uleule, akalelewa katika kihamba cha baba yake, shamba la migomba na kahawa, pamoja na sisi watoto wa ndugu. Mwaka 1927 aliingia shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la tatu, mwaka 1930 baba yake akafariki na yeye akaachishwa shule ili amsaidie mama kuchuma kahawa, kwa hiyo alijua kusoma kidogo na kuandika jina lake tu, jambo ambalo lilimuumiza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache hakuweza kuyaandika.

Mwaka 1942 alishuka pwani kwa lori kupitia Korogwe, akafika Dar es Salaam, akaanza kazi ya uchukuzi katika soko la Kariakoo, kwanza akibeba magunia mgongoni, baadaye akisukuma mkokoteni wake mwenyewe kutoka stesheni mpaka sokoni, na waliofanya kazi naye, ambao nawaona wameketi pale, ni mashahidi kwamba hakuwa mtu wa kukwepa mzigo. Alikuwa na hasira lakini, tusimpake asali kwa sababu amekufa, alikuwa na hasira za ghafla, na hasira hizo ndizo zilizomponza.

Tarehe 20 Septemba 1947, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa ya kanisa hapa mjini na Mektilda, binti wa kusini, upande wa Masasi, aliyekuwa akifanya kazi ya yaya kwa familia moja ya Kihindi kule Upanga, wakapanga chumba katika nyumba ya Bi Tatu, Mtaa wa Sikukuu, na tarehe 8 Desemba 1948 Mungu akawajalia mtoto wa kike, wakamwita Angelina. Bi Tatu anasema marehemu alikuwa akirudi sokoni amechoka hoi, haogi kwanza, hali kwanza, anamchukua mtoto na kuzunguka naye uani huku akimwimbia kwa Kichaga, na wapangaji wote wakamcheka kwamba mwanamume mzima ameolewa na kitoto kichanga.

Mwezi Agosti 1949 marehemu aligombana na mchukuzi mwenzake juu ya mzigo wa nazi, nani aliuwahi, akamsukumia mkokoteni na kumvunja mguu, akashitakiwa, akakiri, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alipelekwa gereza lililo mbali na mji, Mektilda akamtembelea kila alipopata nafasi, akiwa na mtoto mgongoni, mpaka mwaka 1951 ulipoingia ugonjwa wa ndui upande ule, gereza likafungwa, wageni hawaruhusiwi, na huku mjini zikavuma habari kwamba wafungwa wanakufa.

Katika gereza hilo ndipo marehemu alipojifunza kazi iliyomfanya ajulikane, kwa sababu Sista Euphrasia, huyu mliyemwona akilia asubuhi, alikuwa amepata kibali cha kuwafundisha wafungwa kushona kwa mkono, akija na kikapu cha vipande vya nguo alivyookota kwa mafundi wa cherehani wa barazani, vipande vya khanga, vya kaniki, vya kanzu, vya suruali za kaki, na kuwaonyesha jinsi ya kuviunga viraka kwa viraka, kutia pamba katikati na kupiga bandi, mishono ya kushikiza, juu mpaka chini, mpaka upatikane mfarishi wa kujifunikia. Wengi walijiandikisha kwa sababu darasa lilikuwa kivulini, na Onesphory alikuwa mmoja wao. Vidole vilivyozoea magunia havikuiweza sindano, akijichoma anatukana, akivuta uzi kwa hasira unakatika, na Sista, ambaye hapendi maneno mengi, alikuwa akipita nyuma yake na kumwambia afumue, na kesho afumue tena, kiasi kwamba wenzake walimpa jina la Bwana Fumua.

Lakini alikaa. Aliniambia mwenyewe kwamba lile lilikuwa jambo la kwanza maishani mwake ambalo akikosea halimwumizi mtu, anafumua tu na kuanza upya, na kwamba wale wanaume waliokaa kwa duara wakiwa wameinamisha vichwa walikuwa wanazungumza habari za nyumbani kwao kwa namna ambayo wasingeweza wakitazamana usoni. Hasira zilimwisha pale, zikamwisha kabisa, na mtu yeyote wa mtaa huu aliyemwona akikasirika baada ya mwaka 1953 asimame aseme.

Basi mwaka huohuo wa 1951, wakati gereza limefungwa kwa ndui, Sista aliyekuwa amebaki ndani pamoja nao aliwaambia kila mmoja ashone kitu kimoja cha mtu wake wa nyumbani, na Onesphory akaomba bafta nyeupe. Kwetu Kibosho nyeupe ni nguo ya ubatizo, ni nguo ya komunyo ya kwanza, ni nguo ya bibi harusi, hakuna nguo ya heshima kupita hiyo, akaona mke wake aliyevumilia hivyo hawezi kupelekewa viraka vya kaki. Alishona mfarishi mweupe kwa uzi mweupe, ndani akachora kwa sindano migomba ya kihamba chao, safu kwa safu, na kwa kuwa nyeupe juu ya nyeupe haionekani upesi, ilibidi mtu aukunjue na kuugeuzageuza kwenye mwanga ndipo aone kazi iliyofanyika. Akaukunja mdogo kabisa, akaufunga kwa uzi, akampa Benjamini, mfungwa mwenzake aliyekuwa amemaliza kifungo na kupimwa na kuruhusiwa kutoka, akamwagiza ampe Mektilda, na amwambie pole.

Pole ya mume kwa mke anayehangaika peke yake na mtoto, ndiyo hiyo tu aliyoituma.

Benjamini alifika Mtaa wa Sikukuu mchana, kichwa kimenyolewa kijela, watu wanamtazama, na mtu akitoka jela huona haya kusema ametoka wapi, akamkuta Bi Tatu peke yake barazani, akamkabidhi bunda lile la bafta nyeupe iliyofungwa kwa uzi mweupe, akasema, "Hii ya Onesphory, mpe mkewe, mwambie pole sana." Kisha akaondoka haraka.

Jamani, ninyi ni watu wa pwani, niambieni mngeelewa nini? Bafta ndiyo inayokatwa sanda, ndui iko gerezani, na mtu asiyejulikana anatoa pole na kukimbia. Bi Tatu alipiga ukelele, wanawake wakajaa uani, Mektilda aliporudi kutoka Upanga akakuta mikeka imekwisha kutandikwa, na hakuna aliyelifungua lile bunda, kwani nani angethubutu kukunjua sanda ya mtu kwa udadisi. Mektilda alikwenda mpaka gerezani kwa miguu yake, akazuiwa mbali na lango, askari waliokuwa nje hawakujua jina la nani kafa na nani mzima, akarudi. Matanga yakakaliwa, yakaanuliwa, misa ya marehemu ikasomwa, habari zikapanda mpaka Kibosho nasi tukalia, na mama Severa, aliyefariki tarehe 19 Agosti 1952, alikufa akituambia tusimlilie sana kwa sababu anakwenda kumwona Onesphory.

Mektilda alirudi kwao kusini na mtoto kabla gereza halijafunguliwa, na wazee wake, kwa kuwa hapakuwa na maiti ya kuzika, waliamua lizikwe lile bunda, likazikwa kando ya kanisa la kwao na msalaba wenye jina juu, migomba yote ile ikaoza udongoni bila jicho la mtu kuiona. Mwezi Juni 1952 aliolewa kanisani na Eliasi, fundi seremala wa misheni, mtu mwema, sina neno jingine juu yake, akamchukua Angelina kama damu yake.

Marehemu alitoka gerezani mwezi Februari 1953, akiwa amepunguziwa kifungo kwa tabia njema, akaja moja kwa moja Mtaa wa Sikukuu, na Bi Tatu alipomwona mlangoni alianguka, akadhani ni mzuka. Alipozinduka akamweleza yote, na anasema Onesphory hakupiga kelele, hakumlaumu mtu, aliuliza tu kama mtoto anatembea vizuri.

Mwezi Mei mwaka huo alipanda meli mpaka Lindi, akaingia bara kwa lori, akiwa na nia moja tu, kumchukua mke wake na mwanawe, na haki alikuwa nayo, maana kwa sheria ya kanisa ndoa ya kwanza ndiyo ndoa, na yule mwingine angeachwa hana mke, na mtoto aliyekuwa tumboni mwa Mektilda wakati ule angezaliwa bila baba wa kuhesabika. Alifika Jumapili watu wakiwa misani. Akasubiri nje, na pale nje ndipo alipouona msalaba wenye jina lake, maua mabichi yamewekwa, akasimama mbele ya kaburi lake mwenyewe kama mgeni aliyekuja kuzuru. Misa ikaisha, watu wakatoka, akawaona, Mektilda mjamzito, na Angelina amebebwa mabegani na Eliasi, anamshika masikio na kumwelekeza njia kama punda, anacheka mpaka anakosa pumzi, anamwita baba. Walipita karibu naye. Yeye akageukia msalaba, akainamisha kichwa, na mtu mmoja alipomuuliza kama alimjua marehemu, akajibu kwamba alimfahamu kidogo.

Alirudi Dar es Salaam na meli ileile, akamwambia Bi Tatu, "Nimemkuta mtoto anacheka. Mimi nilikwisha zikwa, niacheni hukohuko." Akamwapisha kwa imani yake asiseme, akatuapisha na sisi wa Kibosho alipokuja Krismasi, na tukanyamaza miaka yote hiyo.

Kuanzia hapo mpaka kifo chake marehemu aliishi katika chumba kilekile, peke yake, akishona mifarishi barazani, kazi nzuri iliyonunuliwa mpaka na wake wa maofisa, akitumia kila rangi ya kitambaa isipokuwa nyeupe. Na kila wiki, mtu huru, mwenye hiari yake, alikwenda na Sista Euphrasia kule gerezani alikokuwa amefungwa, kuwafundisha wafungwa kushona, kwa sababu, na hili linanichoma kulisema, kule ndiko alikokuwa na watu. Aliweka sharti katika darasa lake, na Sista atathibitisha, kwamba kazi yoyote inayopelekwa nyumbani haifungwi, inabebwa wazi ikiwa imekunjuliwa, na anayeipeleka lazima kwanza asimame mbele ya darasa na kutamka kwa sauti kwamba aliyeshona yu mzima na anawasalimu. Wafungwa wageni walicheka sana kusikia sharti hilo, lakini yeye hakuwahi kueleza sababu, na mjumbe aliyetamka kwa kumung'unya alirudishwa aseme tena.

Majirani, nawashukuru, lakini leo mtanivumilia. Mlimwandama na wachumba mpaka akawa anaona tabu kukaa barazani, leo binti wa fulani, kesho mjane wa fulani, na alipokataa wote mkasema hana nguvu za kiume, wengine mkasema amewekewa kitu na Wachaga wenzake, na yeye akatabasamu na kuendelea kupitisha sindano. Angejibu nini, kwamba ana mke? Jumapili baada ya misa alikwenda kukaa Mnazi Mmoja kuangalia wazazi wanaotembeza watoto, na yuko aliyemwona mwaka 1956 akimtazama msichana wa umri wa kwenda shule mpaka wenyewe wakamshuku na kumfukuza. Aliondoka bila kujitetea, na hakurudi tena kukaa pale.

Mwezi Machi 1957 alianza kukohoa, akajitibu kwa tangawizi na asali, akakonda, akakataa kwenda hospitali mpaka Bi Tatu alipomtishia kumtolea vyombo nje, na mwezi Januari mwaka huu wa 1958 akalazwa kule Upanga, ikaonekana ni kifua kikuu na kimekwisha kumla upande mmoja. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi, akazidiwa tena mwezi Oktoba, akarudishwa hospitali, na hapo Bi Tatu, ambaye alikuwa ameapishwa kunyamaza, alikwenda kumtafuta Benjamini, akamwambia kwamba kiapo chake kilikuwa cha kutosema na si cha kutotuma, akampandisha meli kwenda kusini na kumwamuru safari hii aseme maneno yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na asikimbie.

Mektilda alifika Jumamosi tarehe 8 Novemba, pamoja na Eliasi na Angelina, na Eliasi ndiye aliyeuza mbao zake ili wote watatu wasafiri. Mektilda aliingia peke yake kwanza, na waliyozungumza ni ya kwao, Mektilda ametuambia kitu kimoja tu, kwamba marehemu alimsihi mtoto asiambiwe, kwamba aachiwe baba aliye naye. Kisha Angelina akaletwa mpaka mlangoni, wauguzi hawakuruhusu asogee zaidi kwa sababu ya ugonjwa, na kwa kuwa alikuwa ameelezwa kwamba huyu ni mjomba wao wa mjini, akapiga goti na kusema, "Shikamoo, mjomba."

Marehemu akajiinua kwa kiwiko, akamjibu, "Marahaba, mwanangu."

Mtu mzima yeyote humwita mtoto yeyote mwanangu, halikuwa jambo la kumshangaza mtu, na Angelina alitoka nje akaendelea kuchezea kamba yake. Onesphory alilala, akageukia ukutani, na Bi Tatu aliyekuwa pale anasema alikuwa akilirudia neno lile taratibu midomoni. Jumanne tarehe 11 Novemba 1958 alfajiri, baada ya kupakwa mafuta matakatifu, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini.

Sasa, kwa desturi, hapa ndipo msemaji anapotaja waliobaki, na familia tumekesha tukishindana, kwa sababu hatukujua Mektilda aketi wapi, kwenye mkeka wa mjane au na wageni, na kama nitaje mtoto au nifuate wosia wa marehemu. Padre ametueleza kwamba kifo hiki ndicho kinachoifungua ndoa ya Mektilda na Eliasi, ataibariki upya baada ya matanga, hakuna mtoto atakayenyooshewa kidole, na Onesphory alilijua hilo, alijua kwamba kitu kilichobaki awafanyie ni kufa. Na aliyetukata maneno ni Eliasi. Alisimama mbele ya wazee akasema, "Aelezwe Angelina hapahapa, mbele ya watu, nami nikiwa nimemshika, asije akaambiwa na mtu wa njiani." Mektilda akakubali, na sisi tukaona kwamba mtu aliyenyamaza hivyo kwa ajili ya wengine, wosia huu mmoja tumvunjie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, Sista Euphrasia na askari jela waliokuja kwa ruhusa ya Bwana Jela, wachukuzi wa Kariakoo waliolichukua jeneza kwa mikono na kukataa gari, majirani wa Mtaa wa Sikukuu waliopika na kuteka maji, wakiwamo wale niliowasema vibaya, na Bi Tatu, ambaye hatuna la kumlipa, na Benjamini, ambaye tunamwomba hadharani aache kujilaumu, kwani alisema aliyotumwa.

Marehemu ameacha mtoto mmoja. Angelina, mama, simama, baba Eliasi amekushika mkono, usiogope. Yule uliyemwamkia Jumamosi si mjomba wako. Ni baba yako aliyekuzaa, alikuwa hai siku zote hizi, alikuja kwenu mara moja akakuona unacheka, akarudi zake kimya ili uendelee kucheka, na alipokwita mwanangu hakuwa anakuitikia kwa heshima tu kama watu wazima wengine wanavyofanya.

Onesphory, ndugu yetu, kalale sasa. Mwanao amejua.